Kununua ama kuuza nyumba kando ya Ziwa Naivasha: angalia haya kabla pesa haijatoka

Watu wa Nairobi siku hizi wanataka sana nyumba Naivasha, pahali unaamka, unakunywa chai, unashuka hatua chache unaingia kwa boti. Na si mbali, kama kilomita 90 hivi, ukitoka job mapema Ijumaa na barabara ya Mai Mahiu isiwe imefunga na magari unafika kukiwa bado mchana. Shida ni moja, nyumba ya ziwani hainunuliwi vile unanunua mezonete Syokimau, juu hapa uko na jirani anaitwa maji na huyo hana bikoni, ile alama ya mpaka wa ploti.

So anza na maji, jikoni utaona baadaye. Ziwa Naivasha halina mto wa kutoka nje juu ya ardhi, Malewa na Gilgil inaingiza tu, mvua ikizidi linapanda na ikikosa linarudi nyuma mbali sana. 2009 lilikuwa limeshuka mpaka watu wakaanza kuuliza kama litaisha, halafu 2020 likapanda vibaya, watu wa mtaa wa Kihoto wakahama manyumba zao. Ile migunga mikavu unaona imesimama ndani ya maji ilikuwa kwa nchi kavu, kwa hivyo mtu akikuambia "hapa maji haifikangi" muulize 2020 yalifika wapi, akuonyeshe na kidole. Halafu usiishie kwa mwenye nyumba, enda kwa keateka, kwa wavuvi, kwa jirani wa pili. Keateka ndiye alikuwa anabeba viti akitoa kwa maji, huyo anakumbuka.

Ukiingia ndani angalia ukuta chini. Rangi mpya kwa futi tatu za chini peke yake ni stori, milango iliyofura ni stori, choo kinarudisha maji ni stori kubwa zaidi juu septiki ikizungukwa na maji chini ya ardhi haifanyi kazi. Pia fungua Google Earth kwa kompyuta urudi nyuma miaka, picha za zamani ziko na ni za bure.

Sasa mpaka, na hapa ndio watu wanachomeka. Naivasha kuna laini ya ziwa iliyotokana na sevei ya 1906, futi 6,210 juu ya bahari, yaani kama mita 1,892.8. Chini ya hiyo laini ni ardhi ya ukingo, mwenye ploti anaweza kuitumia kwa masharti lakini si yake ya kujenga nyumba ya kudumu. Broka atakutembeza mpaka maji yaguse kiatu akisema "zote hizi ni zako mkubwa". Tafuta sevea wako mwenyewe, si wa muuzaji, apigilie vigingi kwa hiyo laini, halafu uhesabu ekari zilizobaki na kama zile banda na bafu ya nje ziko upande gani. Ukikuta nusu ya ploti iko chini ya laini bei inashuka ama unarudi Nairobi, sioni njia ya tatu.

Mambo ya boti. Enda uone hiyo nyumba asubuhi na pia alasiri. Asubuhi ziwa limetulia kabisa, alasiri upepo unaamka na mawimbi yake si ya mchezo, na magugu maji yanasukumwa na huo upepo, leo jeti (gati ya kufungia boti) iko safi kesho boti haiwezi kutoka. Kama jeti ni ya kuelea ni afadhali, ile ya nguzo ziwa likishuka inabaki juu ya matope. Viboko nao usiku wanapanda kula nyasi, kwa hivyo uliza kama kuna fensi ya stima, nani anaitunza, na wewe mwenyewe usikuwe ule mtu anatembea kwa nyasi saa tatu usiku na tochi ya simu.

Mahali pengi ni shamba moja kubwa lililogawanywa, mko majirani kumi ama ishirini chini ya kampuni ya kusimamia, na nyumba inauzwa pamoja na hisa yako. Hapo soma sheria zao zote. Jeti ni ya wote ama ya mtu? Wageni wa kulipia wanaruhusiwa? Service charge ya mwenye anauza imelipwa ama utarithi deni?

Karatasi sitakaa sana, ni kama pahali pengine Kenya: sachi rasmi (kuangalia kwa ofisi ya ardhi shamba ni la nani), risiti za rates za kaunti, wakili wako peke yako (msishare na muuzaji hata kama ni wa bei nafuu), deposit huwa 10% na ipitie kwa mawakili, siku 90 za kumaliza. Chunga tu bodi ya ardhi (Land Control Board), juu ploti nyingi huko bado ni za kilimo na kibali kinatakiwa kuombwa ndani ya miezi 6 toka mkataba, bila hicho mauzo ni batili kabisa. Stamp duty ni 4% kwa eneo la manispaa na 2% kwa mashambani, sasa kwa nyumba ya milioni 20 hiyo ni laki nane ama laki nne, ujue mapema uko wapi.

Wewe unayeuza nawe, KRA, watu wa ushuru, wanataka 15% ya faida tangu Januari 2023. Tuseme ulinunua 8M, ukajenga ya 3M, unauza 20M, faida ni 9M na ushuru ni 1.35M. Ile 3M inahesabika ukiwa na risiti, kwa hivyo tafuta za fundi na za hadwea sasa. Kuna msamaha kwa nyumba umeishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, lakini nyumba ya wikendi haiingii hapo, usijidanganye. Bibi ama bwana lazima akubali kwa maandishi, ongeeni nyumbani kabla ya kuita wateja.

Na stori ya maji ya 2020 itoe mwenyewe, na picha, juu mteja ataisikia kwa wavuvi tu na akiisikia huko atakata bei mara mbili. Boti usiitupe ndani ya bei ya nyumba, iandikieni makubaliano yake, iko na leseni yake ya Kenya Maritime Authority na inafaa ibadilishwe jina. Siku ya kukabidhi toa pia kibali cha kisima cha Water Resources Authority, akaunti ya stima, na mshahara wa keateka uwe umelipwa mpaka hiyo siku.