Tumbo Linasumbua na Uko Uingereza? Usisubiri Likizo ya Nyumbani

Tukirudi Uingereza kutoka likizo, kwenye begi, kati ya unga wa muhogo na dagaa, huwa kuna omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Mimi nilikuja na paketi sita. Kiungulia kikipanda, nameza kimoja. Nikiulizwa, najibu "vidonda vya tumbo tu," wakati hakuna aliyewahi kunipima. Miezi minne ikapita hivyo.

Nilipofika kwa daktari akataka nipimwe kinyesi, atafute bakteria aina ya H. pylori, ambao kwetu wengi tunao tangu utotoni na ndio chanzo kikubwa cha vidonda. Kwanza akauliza ninatumia dawa gani. Nikamtajia. Basi, kipimo kikaahirishwa: omeprazole huwaficha bakteria hao, hivyo lazima uiache wiki 2 kabla ya kupima, na antibayotiki wiki 4. Dawa niliyojitibia ndiyo iliyonichelewesha.

Kiungulia cha karibu kila siku kwa wiki 3, au choo kilichobadilika kwa muda huohuo, kinatosha kumpigia GP, yaani daktari wa kwanza wa mtaani kwako. Huku England kujiandikisha ni bure, na hawatakiwi kukukatalia kwa sababu ya vibali. Usingoje hata hizo wiki 3 ukiona damu chooni, unapungua uzito bila kujinyima, au chakula kinakwama kikishuka. Hilo la kukwama nalisisitiza, maana saratani ya umio imeshamiri Afrika Mashariki, na wazee wetu huishia kushushia ugali kwa maji wakidhani ni umri. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi cha kunata kama lami, au maumivu makali ya ghafla, piga 999. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kama unavitumia, sema.)

Kwetu "tumbo" ni kuanzia chini ya kifua hadi kinenani, na "gesi" ni kila kitu. Daktari hawezi kufanya kazi na hayo. Onyesha kwa kidole panapouma. Wiki moja kabla, andika kwenye simu: umekula nini, saa ngapi limeuma, choo kilikuwaje. Mimi daftari lilinionyesha kwamba tumbo hujaa kila baada ya chai ya maziwa.

Mwambie pia ulikokulia. Kama uliogelea Ziwa Victoria, iwe Mwanza au Kisumu, taja kichocho. Daktari aliyesomea Leeds huenda asikiwaze. Kuna na minyoo ya strongyloides, inayoweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele, kisha ikawa hatari ukipewa dawa za steroidi.

Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani unapoweka miadi, hulipi. Usimbebeshe mtoto wa darasa la saba kazi ya kueleza kinyesi cha mama yake.

Na ukiwa na miaka 50 hadi 74, kila baada ya miaka 2 utaletewa kwa posta kifurushi cha kupima damu isiyoonekana kwenye choo. Wengi hukitupa pamoja na matangazo ya pizza. Ndani mna kichupa chenye kijiti: unagusisha kinyesi kidogo, unafunga, unarudisha kwa posta bila kununua stempu. Ila kama dalili unazo tayari, usikingoje hicho; mpigie GP.