Namna ya Kupima Bahati na Ujuzi katika Mechi ya Watani wa Jadi

Mechi ya mashemeji, yaani Gor Mahia dhidi ya AFC Leopards, inapomalizika, mashabiki wa hapa Kisumu huyabeba mabishano hadi kwenye matatu na vibanda vya chai: walioshinda hudai kwamba wamecheza vizuri, na walioshindwa huilaumu bahati. Jambo hilo hupimika, ila ni lazima upimaji uanze mapema, kwa maana bao likishaingia hata shabiki mwaminifu huanza kuyaona mambo kwa jicho la upande wake.

Chukua daftari na uugawe ukurasa safu mbili. Katika ya kwanza andika yale ambayo timu inaweza kuyarudia wiki ijayo: pasi zinazofika katika eneo la hatari, mashuti yanayolenga lango, kona zilizofanyiwa mazoezi. Katika ya pili andika yasiyorudiwa kwa kupenda, kama vile mpira uliomgonga beki mgongoni ukabadili njia. Andika papo hapo. Mwaka jana nilisimama ukingoni mwa uwanja timu mbili za vyuo zikicheza baada ya mvua kubwa; mpira hafifu ulikuwa unaelekea mikononi mwa kipa, ukakwama katika dimbwi hatua mbili mbele yake, na mshambuliaji akauwahi na kuusukuma wavuni. Dimbwi niliandika katika safu ya pili. Kisha nikakumbuka kwamba kijana huyo alikuwa ameufuata kila mpira wa namna hiyo tangu mwanzo wa mchezo, bila kupata chochote, nikaandika mbio zake katika safu ya kwanza. Tukio moja linaweza kukaa pande zote mbili, na ni hapo ambapo wabishi wengi hukosea.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua unatoka katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ambayo si kandanda bali mchezo wa kukimbia na mpira mikononi. Tarehe 30 Novemba 2013, Auburn na Alabama, watani wa jimbo moja, walikuwa sare 28–28. Kocha wa Alabama, Nick Saban, aliomba sekunde moja irudishwe kwenye saa, waamuzi wakakubali, na timu yake ikajaribu kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti kutoka yadi 57. Mpira ulipungukiwa nguvu. Chris Davis wa Auburn akaudaka nyuma kabisa ya uwanja, akakimbia nao hadi upande wa pili, jambo lililoipa Auburn alama sita, na mchezo ukaisha 34–28. Wengi huita hiyo bahati tupu. Lakini Auburn walikuwa wameomba mapumziko na kumweka Davis pale makusudi, ilhali Alabama walikuwa wamejaza uwanjani wanaume wazito wa kukinga mpigaji, wasioweza kumkimbiza. Tena majaribio yao matatu ya awali ya aina hiyo yalikuwa yameshindikana. Bahati ninayoiona mimi ni ndogo: kwamba mpira ulipungua kwa kiasi cha kudakika.

Zingatia pia aina ya mchezo. Katika kandanda bao moja hutosha kuamua kila kitu, kwa hiyo kosa dogo la refa lina uzito mkubwa. Katika raga, wanayoipenda sana Kakamega na Nakuru, alama ni nyingi na timu bora hupata muda wa kufidia mkosi wake. Katika futiboli ya Marekani, kumlazimisha mpinzani auangushe mpira ni ujuzi, lakini atakayeuokota huamuliwa zaidi na bahati, kwa sababu mpira wenye umbo la yai hudunda upendavyo.

Usitoe hukumu kwa mechi moja. Auburn na Alabama hukutana mara moja tu kwa mwaka katika msimu wa kawaida, kwa hiyo ipime kila timu pia katika mechi zake nyingine za msimu huo. Safu ya kwanza ikijaa wiki baada ya wiki na timu bado inafungwa, mwambie kocha avumilie; ikiwa tupu huku ushindi ukiendelea, mwambie aongeze mazoezi kabla ya kukutana na shemeji.