Mwache mchezaji aseme mwenyewe kerekta wake katoka wapi

Kama we ndo unayeendesha gemu za mezani za kuigiza, zile za majoka na wachawi na dadu ya pande 20, kuna kazi moja nakuomba uiache kabisa, kazi ya kuwatungia wachezaji wako maisha ya kerekta wao, yani yule mtu wa kubuni ambaye kila mmoja anamwigiza. Unakuta masta, yani huyo anayeendesha gemu, kaja na daftari limejaa, falme, vita, majina ya miungu, afu mchezaji anaambiwa tu we ni mtoto wa mhunzi, wazazi wako waliuawa na joka, haya tuanze. Sasa huyo atawalilia vipi wazazi ambao hata majina yao hajui?

Zamani historia ya kerekta haikuwa kitu kikubwa kihivyo. Dungeons & Dragons ilivyotoka Marekani mwaka 1974 ulikuwa unarusha dadu 3 kwa kila sifa, sifa zenyewe 6, nguvu, akili, hekima na nyingine, unachagua kuwa mpiganaji au mchawi au kasisi, unashuka shimoni, ukifa unatengeneza mwingine. Mwaka 1977 ikaja Traveller, hiyo ni ya anga za mbali, humo kerekta anapitia kwanza miaka yake ya kazi kwa kurusha dadu na alikuwa anaweza kufa hukohuko kabla hata gemu haijaanza. Toleo la tano la D&D la 2014 ndo likaja na vitu vinne vifupi vya kujaza kwenye karatasi ya kerekta, tabia yako, unachokiamini, nani au nini umefungamana nacho, na udhaifu wako. Ni mwanzo mzuri, ila ukimwachia mtu achague tu kwenye jedwali anachukua maisha ya kijiji cha Ulaya ambacho hana habari nacho, na wiki ijayo keshasahau alichochagua. Mi nasema muulize.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna. Ukisema "niambie historia ya kerekta wako" mtu anaganda, au anakuletea kurasa tano za WhatsApp ambazo wenzake hawatasoma. Uliza swali ambalo ndani yake tayari kuna kitu cha kushika. Nani anakudai na kwa nini hujamlipa? Ukifa leo nani atashukuru? Ninalolipenda kuliko yote ni hili: kwenye ulimwengu wetu kuna sikukuu moja kwa mwaka kila mtu anapanda kwao, mabasi hayatoshi (weka punda au mazimwi ya kupanda, vyovyote), mbuzi wanachinjwa, ukoo wote upo, we kwa nini huendi? Mtu wa Moshi humwelezi hilo mara mbili, Desemba anaijua.

Kuna mchezaji mezani kwetu Pasua, hapa Moshi, nilimuuliza hilo, kerekta wake ni mpiganaji wa kukodiwa, akafikiria kidogo akasema kaka yake alimletea sale na yeye akalikataa. Kwa ambao sio wa huku, sale ni lile jani la mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba (mashamba ya ukoo), kwa Wachaga ukimkosea mtu unampelekea kuomba msamaha na kulikataa ni jambo zito sana. Nikamuuliza kaka alikosea nini, akasema aliuza kihamba walichoachiwa na mama. Aliuza kwa nani? Akasema hajui, hakuwahi kumwona huyo mnunuzi. Hapo nikanyamaza, nikaandika, sikuuliza zaidi, maana pale ambapo mchezaji mwenyewe hajui ndo sehemu yako we masta, kidonda ni cha kwake na aliyeshika kisu utamtafuta wewe. Yani kwa maswali matatu ninaye adui, nina ndugu anayeweza kutokea muda wowote na jani mkononi mara ya pili, na huyo mchezaji haachi kuulizia mnunuzi kila tukikutana.

Fanya haya mezani wote mkiwa mnasikia, sio inbox, kwa sababu jibu la mmoja linamwamsha mwingine. Yule wa sale alivyomaliza tu, mdada anayecheza mchawi akasema huo ukoo anaujua, babu yake ndo alikuwa anasimamia mfongo, ule mfereji unaoleta maji kwenye hicho kihamba. Mi kwenye ramani yangu pale palikuwa jangwa! Nikafuta jangwa. Hii ndo sehemu masta wengi inawauma lakini ishike, mchezaji akishasema kitu kuhusu kwao kinakuwa kweli, na kama kinagongana na daftari lako basi badilisha daftari, hao watu hawajawahi kulisoma. Ila kikigongana na alichosema mchezaji mwingine msuluhishe hapohapo wote wawili wakubali.

Mpaka ninaouweka ni kwenye uwezo. Mpiganaji wa levo ya kwanza ana pointi za uhai kama 10 hadi 13 hivi, mishale michache tu kalala chini, sasa mtu akikuambia keshaua majoka manne na alikuwa jenerali, stori na karatasi havipatani. Usimkatalie kwa ukali, mgeuzie: jeshi lililoua joka lilikuwepo kweli, we ulikuwa mpishi wao, uliona nini usiku ule ambacho jenerali hataki kisemwe? Mara nyingi hilo analipenda kuliko lile la mwanzo. Historia impe sababu na watu, nguvu atazitafuta kwenye gemu.

Mambo ya inbox ni haya: muulize kila mtu pembeni kama kuna kitu hataki kiguswe. Aliyefiwa na mzazi juzi hahitaji kuona mama wa kerekta wake anatekwa na mapepo Jumapili jioni. Hata asiye na msiba, usimuulie ndugu aliyemtunga mwenyewe bila kumwuliza, ukifanya hivyo mara moja kuanzia hapo kila kerekta atakayekuletea atakuwa yatima asiye na rafiki na ni haki yake.

Kisha vitumie. Andika majina yote kwenye karatasi moja ya mbele yako, kila mkikaa gusa ya mtu mmoja au wawili, zungusha, asiwe staa mmoja kila wiki. Mfongo ukauke. Mnunuzi atume salamu.

Kuna wale wakimya, ukiwauliza wanasema "yoyote tu". Usiwabane na usiwatungie. Wape mambo mawili wachague, mfano uliondoka nyumbani kwa kutoroka au kwa kufukuzwa, jibu lake la neno moja linatosha, kwingine kwenye karatasi paache wazi hata wiki nyingi. Siku akiropoka katikati ya gemu kwamba huu mji mi napajua, simamisha hao mazimwi uliowaandaa, muulize anapajuaje na nani pale anamjua kwa jina, afu mlango wa kwanza watakaogonga awe huyohuyo ndo anafungua.