SOMO: Kutoka kushika kamba mara ya kwanza mpaka kuwa mwalimu wa yoti (njia ya RYA)

Habari zenu wana bahari. Wengi mnaniuliza inbox hii kazi ya kufundisha yoti (mashua za kisasa za matanga) huku kusini mwa Uingereza niliingiaje, basi naandika mara moja wote tusome. Nafuata mfumo wa RYA, chama cha yoti cha Uingereza, kwa kuwa ndio nilioupitia mwenyewe.

Kabla ya hatua yoyote: ANZA LOGIBUKU LEO, yaani daftari la safari zako. Tarehe, jina la chombo na urefu wake, mmetoka wapi mmefika wapi, maili ngapi za baharini, saa za usiku ngapi, ulikuwa skipa (nahodha) au baharia, halafu saini ya skipa. Mimi nilisafiri karibu miaka miwili bila kuandika, skipa akahama nchi, na zile maili zote nikaanza kuzitafuta upya. Iliniuma sana.

HATUA YA 1: Competent Crew
Hii ni kozi ya baharia, siku 5, mnalala humo humo chomboni, huhitaji kujua chochote. Mafundo, kupandisha tanga, kushika usukani, kuvuta demani (kamba ya kukazia tanga) kwenye winchi, ile ngoma ya kuzungushia kamba. Hapo kwenye winchi nawaomba mtulie: kamba inazungushwa kufuata mshale wa saa, siku zote, na ukiilegeza ikiwa na mzigo unaweka kiganja bapa juu ya mizunguko unaiachia kidogo kidogo, vidole usivipeleke kati ya kamba na ngoma hata kwa sekunde, maana upepo ukiongezeka ghafla tanga linaivuta kamba na kidole chako kiko mle ndani.

HATUA YA 2: Day Skipper
Hii ni kozi ya nahodha anayeanza. Kuna darasa la nchi kavu, kama saa 40, halafu siku 5 za baharini. Darasa msiliruke jamani. Sisi watu wa Pwani bamvua na maji mafu (maji makubwa na madogo ya mwezi) tunayajua tangu utotoni, ila huku unaulizwa saa 4 na dakika 40 asubuhi juu ya ule mwamba kutakuwa na mita ngapi na yoti yako itapita au haipiti, unatakiwa uonyeshe hesabu kwenye karatasi. Kabla ya zile siku 5 wanategemea uwe na maili 100 na saa 4 za usiku.

HATUA YA 3: Maili
Hapa ndipo watu wanapoachia njiani, sababu hakuna mwalimu wa kukusukuma. Kwa mtihani wa Yachtmaster Offshore, cheti cha nahodha wa safari ndefu, unahitaji siku 50 baharini, 5 kati ya hizo ukiwa skipa, maili 2,500, na safari 5 za zaidi ya maili 60 kila moja, mbili ukiwa skipa na mbili za kusafiri usiku kucha, zote ndani ya miaka 10 kabla ya mtihani. Kutoka Portsmouth kuvuka mpaka Cherbourg Ufaransa inahesabika. Kwetu Mombasa mpaka Tanga inahesabika, Dar mpaka Unguja haifiki. Mimi nilizipata kwa kujitolea, mtu anahamisha yoti yake anahitaji baharia naenda, mashindano ya wikiendi naenda, Februari kwenye baridi naenda, na huo ndio mwezi unaopata nafasi kirahisi maana wengine wamebaki nyumbani.

HATUA YA 4: Mtihani
Mkaguzi anakuja kwenye chombo chako, ukiwa peke yako anakaa na wewe kwa muda wa saa 8 hadi 12, mchana na usiku. Atatupa boya majini aseme mtu kaanguka. Kilichonitoa jasho zaidi ni kile cha ukungu wa kuigiza: unashushwa chini kwenye meza ya chati, nje hutazami, unatakiwa umpeleke yule wa usukani mpaka kwenye boya kwa dira, kina na umbali tu. Nikachagua kwenye chati mstari wa kina cha mita 5, nikawa naita "nisomee kina", anasema 6, namwambia pinda kulia kidogo, 5 na nusu, 5, nyoosha hapo hapo, tukaufuata ule mstari kama mtu anayepapasa ukuta gizani mpaka nikasikia juu wanasema boya hilo hapo mbele.

HATUA YA 5: Makaratasi ya kulipwa
Ili uruhusiwe kulipwa kwa kazi hii: cheti cha huduma ya kwanza na cheti cha redio ya VHF (hivi viwili uwe navyo kabla ya mtihani wa hatua ya 4), kipimo cha afya, kozi ya siku moja ya kujiokoa baharini (mnaingia bwawani na chelezo cha kuokolea cha kujazwa hewa, kikipinduka mnakigeuza), na kozi ya mtandaoni ya wajibu wa kikazi.

HATUA YA 6: Cruising Instructor
Siku 5 tena. Kuendesha chombo wanaona tayari unajua, hapa wanakuangalia unavyomfundisha mtu. Mimi nilikuwa nampokonya mwanafunzi usukani kila akikosea, mkufunzi wangu akaniambia weka mikono mfukoni, sema kwa mdomo. Siku ile ndio nilianza kuwa mwalimu. Ukifaulu unafundisha Competent Crew na Day Skipper chini ya usimamizi wa Yachtmaster Instructor, mwalimu wa ngazi ya juu, na ukitaka kufika huko kwa msimamizi jiandae na maili 7,000.

MASWALI

Mwana wa Kilindini: Mwalimu shikamoo. Nimekulia kwenye mashua na ngalawa, nianzie hatua ya kwanza kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ukiwa unajua kweli unaweza kuingia Day Skipper moja kwa moja, hiyo ya kwanza sio lazima. Ila mikono yako itabidi ijifunze upya jambo moja. Tanga letu la foromali tunageuza kwa kuuzungusha upepo upande wa tezi (nyuma ya chombo). Yoti unapiga bisha kwa kupitisha omo (mbele ya chombo) kwenye upepo wenyewe. Mimi siku ya kwanza nimeambiwa geuza, mkono ukavuta usukani kwa mazoea, tukaenda kinyume na bumu (mti wa chini ya tanga) likapita juu ya vichwa vyetu kwa nguvu. Nilitetemeka, kuna mtu angeumia. Kitu cha kukufariji, maboya ni yale yale, nyekundu kushoto ukiingia bandarini, kwetu na huku.

Bint Msasani: Kaka samahani, navaa hijabu, na kuogelea sijui vizuri. Kuna shida?

Jibu: Hakuna dada yangu. Vaa hijabu ya michezo inayobana, ncha zote uingize ndani ya koti, hiyo ni kwa ajili ya winchi na kamba, hata wenye nywele ndefu nawaambia wazifunge. Kuogelea sio sharti la kozi, mwambie mwalimu wako mapema, na jaketi la kujiokoa likiwa na ule mkanda wa kupita katikati ya miguu hakikisha umefungwa, usipofungwa ukianguka jaketi linapanda usoni wewe unabaki chini.

Baba Shufaa: Mkuu, mwanangu ana miaka 16, anaweza?

Jibu: Competent Crew na Day Skipper anaweza. Mtihani wa Yachtmaster Offshore ni mpaka 18. Mnunulie logibuku sasa hivi, hiyo miaka miwili aijaze maili.

Mwana wa Kilindini: Maili zangu za mashua je, niandike?

Jibu: Andika zote. Ila angalau nusu ya zile za mtihani ziwe za yoti ya matanga, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Nahodha wako bado yupo? Mfuate wiki hii na kalamu.