Namna ya Kupunguza Sigara kwa Kuchunga Bei na Njia ya Dukani: Mwongozo kwa Wavutaji wa Lamu

Wavutaji wengi wa mji wetu hawanunui pakiti. Hununua sigara moja, baada ya saa moja wakanunua nyingine, na kibiriti cha kuwashia hukikuta hapo hapo dukani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau sigara 10, lakini kila apitaye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, anajua kwamba biashara ya moja moja ingali inaendelea. Biashara hiyo ndiyo inayomficha mvutaji gharama yake, na ndiyo inayoifanya kila sigara ionekane ni jambo dogo.

Anza kwa kuhesabu, na uhesabu kwa kuandika. Kwa muda wa wiki moja usijilazimishe kupunguza chochote. Kila ununuapo, andika saa, duka na bei. Tuseme sigara moja ni shilingi 20 nawe unavuta 8 kwa siku: hizo ni shilingi 160 kwa siku, shilingi 4,800 kwa mwezi, na shilingi 58,400 kwa mwaka. Mtu ambaye hangekubali kutoa shilingi 4,800 kwa mkupuo mmoja huzitoa bila kusita zikigawanywa kwa sarafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba bei ya tumbaku ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaopunguza zaidi ni vijana na wasio na uwezo mkubwa. Bei, basi, ina nguvu ya kweli. Ila nguvu hiyo hupotea pale pakiti inapovunjwa, kwa kuwa nyongeza inayoonekana kubwa kwenye pakiti hugawanyika ikawa shilingi moja moja.

Hapa wengi huteleza. Wakishaona hesabu, huamua kununua pakiti nzima kwa kuwa kila sigara hutoka kwa bei nafuu kidogo. Nakusihi usifanye hivyo. Pakiti iliyomo mfukoni ni duka lisilofungwa usiku wala mchana, na nafuu ya shilingi chache humalizwa na sigara mbili tatu ambazo usingezivuta kama ungelazimika kuzifuata.

Baada ya bei, tazama umbali, kwani kwa maoni yangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Hamu kali ya sigara kwa kawaida hudumu dakika chache tu, kisha hupoa hata kama hukuvuta. Katika vichochoro vya Langoni na Mkomani, mtu hufika dukani kabla dakika hizo hazijaisha. Rudi kwenye daftari lako utazame ni maduka gani mawili au matatu yanayokuuzia zaidi, kisha ubadilishe njia ya kwenda kazini, msikitini na barazani ili usiyapitie. Jiwekee sharti kwamba sigara utainunua kwenye duka moja tu lililo mbali, kwa mfano upande wa pili wa mji, na uende mwenyewe kwa miguu. Mara nyingi hamu itakuwa imekwisha kabla hujafika.

Kumtuma mtoto ni kosa la namna ya pekee. Kumwuzia aliye chini ya miaka 18 ni kinyume cha sheria, na mtoto anayezoea kushika sigara ya baba yake kila jioni amekwisha kujifunza bei yake na duka lake. Mwenye duka naye aombwe kwa adabu asikukopeshe sigara. Unga na sukari viandikwe kwenye daftari la deni, lakini sigara ilipwe taslimu, ili uchungu wa bei uupate papo hapo.

Kwa anayefunga, mwezi wa Ramadhani ni wakati mwafaka wa kuanza, kwa sababu mchana kutwa mwili umekwisha kukaa bila sigara. Hatari iko baada ya futari, barazani, ambapo sigara huja kwa mkono wa rafiki bila bei wala safari. Waambie wenzako mapema wasikupe. Wanaochanganya sigara na mirungi watatafuta vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo wapange kupunguza vyote viwili.

Kupunguza ni hatua tu, maana hakuna kiwango cha sigara kisicho na madhara. Idadi ikishuka, panga siku ya kuacha kabisa. Wiki ya kwanza huwa ndiyo ngumu zaidi, kwa hasira na kukosa usingizi, na hali hiyo hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukishindwa peke yako, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au piga nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; nambari hiyo haitozi malipo.