Kupanga Safari ya Pemba: Anza na Mwezi, Tiketi Baadaye

Kazi yangu ni kuwapokea wageni Pemba na kuwazungusha kisiwani. Wengi hunipigia simu wakiwa na swali la bei ya boti, halafu la hoteli, na mwisho kabisa ndiyo wananitajia tarehe. Mimi huwarudisha nyuma. Nawauliza kwanza: mnataka kufanya nini? Kuzamia kwenye matumbawe, kutembea ufukweni, kuona msitu na popo, au kukaa tu mle samaki na mpumzike? Jibu hilo ndilo linaloamua tarehe, na tarehe nzuri ya Pemba hutafutwa kwenye mwezi wa angani kabla ya kutafutwa kwenye kalenda ya ukutani.

Pemba si Unguja. Unguja unashuka garini, unaingia hotelini, na bahari iko mbele ya mlango. Pemba ni vilima, mashamba ya mikarafuu, ghuba zilizojaa mikoko, na vijisiwa vilivyotawanyika upande wa magharibi. Sehemu nyingi nzuri hufikiwa kwa mashua, na mashua inategemea maji. Ukiyafahamu maji, mengine yote yanajipanga.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, iache kama huna haraka. Mvua ni kubwa na njia za udongo za kaskazini huteleza. Kusi, upepo wa Juni hadi Septemba, hewa ni ya baridi kidogo na jua halichomi, lakini mkondo kati ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na Pemba huchafuka, na anayelewa bahari atateseka. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, ni joto kali na bahari ya upande wa magharibi mara nyingi hutulia.

Mimi napenda kipindi cha tanga mbili, Oktoba hadi Novemba, pale kusi imechoka na kaskazi haijashika. Mvua za vuli hunyesha, ndiyo, lakini huja na kupita. Ukibahatika utakuta na mavuno ya karafuu: majamvi yametandikwa mbele ya nyumba, watoto wanachambua makonyo (vikonyo vya karafuu) jioni, na harufu inakufikia kabla hujaiona nyumba yenyewe. Mavuno hayaji sawa kila mwaka, kwa hiyo uliza kabla hujajiahidi.

Angalia pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mchana migahawa hufungwa na si adabu kula wala kunywa njiani. Usiku wake lakini ni mzuri mno, na kama mgeni una moyo wa kushiriki, utaalikwa futari na watu usiowajua. Siku za kuelekea Idi boti hujaa wanaorudi makwao, basi tiketi ikatwe mapema.

Hatua ya 2: Panga siku kwa mwezi mwandamo

Hapa ndipo safari nyingi hupata sura yake au kuharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayajai sana wala hayatoki sana. Hayo ni maji mafu.

Habari njema ni kwamba huhitaji chombo chochote cha kupimia. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa katika nyumba nyingi za pwani, uangalie tarehe za mwezi mwandamo. Tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ni bamvua. Tarehe 8 na 9, na 22 na 23, ni maji mafu. Huku kwetu wakati wa bamvua maji huwa yamekupwa kabisa katikati ya asubuhi, saa nne hadi saa tano, na hujaa jioni, saa kumi hadi saa kumi na moja. Wakati wa maji mafu ni kinyume: maji yamejaa saa nne na nusu hivi asubuhi.

Kwa siku za katikati, hesabu hivi: kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Tuseme tarehe 2 yamejaa saa kumi na moja jioni. Tarehe 3 yatajaa kama saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nahodha mzee hufanya hesabu hii kwa vidole bila kukatisha mazungumzo. Ukimpigia simu, msalimie kwanza, "Shikamoo mzee," usubiri marahaba na habari za nyumbani, kisha umuulize, "Maji kesho yanajaa saa ngapi?" Swali hilo moja litamwonyesha kuwa unajua unachotafuta, na atakwambia ukweli wa safari yako kuliko tangazo lolote.

Sasa linganisha na unachotaka kufanya:

Unataka kuzamia au kuogelea kwenye matumbawe? Chagua maji mafu. Mikondo kwenye milango ya bahari, kati ya kisiwa na kisiwa, hupungua nguvu, maji hayavurugiki, na mashua inaondoka asubuhi bila shida. Wakati wa bamvua mlango kama wa Njao, kaskazini magharibi mwa Pemba, huvuta maji kwa kasi inayomchosha hata mwogeleaji hodari.

Unataka kutembea kwenye mchanga mpana, kuona wanawake wakichokoa pweza mwambani, kuokota kombe na kuangalia viumbe vilivyobaki kwenye vidimbwi? Chagua bamvua, na uamke mapema.

Unataka vyote viwili? Kaa siku tano au sita, uingie tarehe 4 au 5 ya mwezi mwandamo. Utaanza na fukwe na utamalizia na matumbawe.

Asiyejali jambo hili hupata tabu ya wazi kabisa. Nimeona familia iliyotoka Bara imelipia mashua ya saa nne asubuhi, siku ya pili ya mwezi mwandamo. Walipofika bandarini, mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, mizizi ya mikoko imetokeza kote, na maji yako mbali kama mwendo wa dakika ishirini. Watoto walikaa chini ya mwembe hadi alasiri. Aliyewauzia safari alijua wazi hali ya maji siku hiyo, na hilo linanikera hadi leo.

Hatua ya 3: Amua njia ya kufika

Kwa ndege, unatua uwanja wa Karume, karibu na Chake Chake. Kutoka Unguja ni kama nusu saa. Ndege nyingi ni ndogo na mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15, kwa hiyo beba begi laini, si sanduku gumu. Omba kiti cha dirishani. Ukiona kisiwa kutoka juu, ghuba zake zikiingia ndani kama vidole, utaelewa haraka kwa nini nimesema sana kuhusu maji.

Kwa boti, unatoka Malindi, Unguja, na kushuka Mkoani, kusini mwa Pemba. Boti za kasi huchukua saa mbili na zaidi, zile za polepole huchukua sehemu kubwa ya siku au usiku. Si kila siku kuna boti, na ratiba hubadilika, basi ulizia ofisini wiki unayosafiri. Kaa katikati ya chombo au nyuma, si mbele. Kula kidogo kabla, na beba tangawizi.

Jambo moja silifanyii mzaha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Mamia walikufa, na vijiji vingi huku vina kaburi au jina la kukumbuka. Ukifika bandarini ukaona chombo kimejaa hadi watu wanasimama kwenye njia, shuka. Tiketi inaweza kubadilishwa. Wala usikubali jahazi la mizigo hata kama ni rahisi na nahodha ni mcheshi.

Mtanzania abebe kitambulisho, kitaulizwa wakati wa kukata tiketi. Asiye Mtanzania aulize mapema kuhusu bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024.

Hatua ya 4: Chagua mji wa kulala

Kwa safari fupi, lala Chake Chake. Ni katikati, gari za kwenda Mkoani, Wete na Konde huanzia hapo, na kuna benki. Anayetaka msitu na fukwe za kaskazini alale Wete, au kwenye hoteli za Makangale na Kigomasha kama mfuko unaruhusu. Mkoani ni pa kulala usiku wa mwisho tu, kama boti ni ya alfajiri.

Hatua ya 5: Gawa siku zako

Siku ya kaskazini. Ondoka Chake mapema, gari ya Konde, kisha bodaboda au gari ya kukodi hadi Ngezi. Huu ndio msitu mkubwa wa asili uliobaki Pemba, na lazima uingie na mwongozaji wa msitu. Mwombe akuonyeshe mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya michikichi ambao asili yake ni Pemba peke yake. Ukimaliza, endelea hadi Vumawimbi. Siku ya bamvua mchanga pale ni mpana kiasi kwamba wavuvi wa upande wa pili wanaonekana wadogo. Hakuna maduka, beba maji. Malizia Kigomasha kwenye mnara wa taa wa chuma, na kama mlinzi yupo na anaruhusu, panda ulione jua likizama upande wa Bara.

Siku ya Misali. Kisiwa hiki kiko magharibi ya Chake, na mashua nyingi hutokea Wesha. Ni eneo la hifadhi, kuna kiingilio, na wavuvi wana haki zao humo. Utawakuta kwenye madago (kambi) yao wakianika samaki. Wasalimie, usiwapige picha bila ruhusa. Kasa hutaga kwenye fukwe zake, basi usiwashe taa wala usikanyage alama zao. Kabla ya kupanda mashua, hesabu majaketi ya kuokolea. Yasipowatosha abiria wote, msiondoke. Na mpangie nahodha saa ya kurudi kwa kufuata maji.

Alasiri ya popo. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Aliwindwa na miti yake ikakatwa hadi akakaribia kutoweka, kisha vijiji vikaamua kumlinda. Kidike, njia ya Chake kuelekea Wete, ni mahali rahisi pa kumwona. Nenda saa kumi na nusu, ukae hadi magharibi. Kwanza utaona miti imejaa kama matunda makubwa ya rangi ya kutu. Kisha mmoja ananyoosha bawa, mwingine anafuata, na kabla ya adhana anga lote limejaa mbawa. Usirushe jiwe ili waruke. Mzee wa kijiji anayekuongoza atakasirika, na ana haki.

Kama umebakiwa na nusu siku, nenda Pujini ukaone magofu yanayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, au Tumbe kwenye soko la samaki asubuhi wakati vyombo vinarudi.

Hatua ya 6: Fedha, mavazi, karafuu

Toa fedha taslimu Chake Chake kabla ya kwenda vijijini. Mavazi: ufukweni mbali na watu uko huru kiasi, lakini mjini na vijijini funika mabega na magoti, wanaume kadhalika. Mama mwenye kanga begani hupokewa vizuri kila mahali.

Usinunue karafuu kwa mtu shambani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa kisiwa. Mnunuzi ni shirika la serikali, ZSTC, na kusafirisha karafuu kimagendo ni kosa. Nunua pakiti ndogo dukani, tunza risiti. Mafuta ya makonyo nayo ni zawadi nzuri.

Ukiugua, hospitali ya Abdulla Mzee iko Mkoani, na Chake Chake kuna hospitali pia.

Hatua ya 7: Kurudi

Usipange boti ya Pemba na ndege ya kimataifa siku moja. Upepo ukikaza, boti huahirishwa, na hakuna wa kumlaumu. Weka usiku mmoja mzima Unguja katikati. Siku moja kabla ya kuondoka, pigia ofisi ya boti uthibitishe saa, kisha mpigie dereva wako umwambie muda wa kukufuata. Kutoka Chake hadi Mkoani ni kama kilomita 30, lakini gari za abiria husimama kila kijiji, basi toka masaa mawili na nusu kabla ya boti kuondoka.