Zinki inaisha kila mwezi? Pima umeme kwanza kabla hujanunua nyingine

Wakuu mnaoshinda na boti za faiba na mashua za injini, hili jambo la chuma kuliwa chini ya maji linatumalizia hela kweli, na wengi tunalichukulia kama kutu ya kawaida, unaambiwa "si maji ya chumvi hayo", basi zinki (kile kipande cha metali tunachofunga chini ya boti ili kiliwe chenyewe) inabadilishwa, propela inabadilishwa, miezi mitatu mbele yanarudi yaleyale. Mimi nilishabadilisha zinki tatu kwenye boti moja ndani ya kusi moja kabla sijachukua mita nikapima, kumbe tatizo ni waya wa pampu ya ngama (pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya), mtu aliunga kwa tepu nyeusi akauacha umelala kwenye maji. Zinki haikuwa na kosa lolote.

Kwanza tuelewane, hapa kuna magonjwa mawili na dawa zake ni tofauti.

La kwanza ni metali mbili tofauti kukaa kwenye maji ya bahari huku zimegusana au zimeunganishwa na waya. Hapo umeshatengeneza betri bila kujua, na moja lazima iliwe. Zinavyofuatana ni hivi, magnesiamu ndo inaliwa upesi zaidi, halafu zinki, halafu alumini, chuma cha kawaida, bronzi, na mwisho stenlesi. Kwa hiyo ukiwa na mguu wa mashine (ile sehemu ya injini inayozama majini) wa alumini na propela ya stenlesi, anayeumia ni mguu. Ndo maana tunafunga zinki, iliwe yenyewe badala ya mguu. Ujanja huu si wa jana, mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza aliwaonyesha watu wa meli za kivita kwamba ukifunga kipande cha zinki au chuma kwenye mabati ya shaba chini ya meli, shaba haiishi. Ugonjwa huu unakwenda polepole, miezi mpaka miaka.

La pili ni umeme wa betri yako kuvuja. Waya wa chanya umechubuka, unagusa maji ya ngama, umeme unapita kwenye valvu ya tundu la maji au shafti inayozungusha propela ukitafuta njia ya kutokea baharini, na pale unapotokea chuma kuingia majini ndipo panapoliwa. Huu hauna subira, siku chache tu au wiki unakuta valvu inamomonyoka, na hata ufunge zinki kumi hazitauweza.

Utajuaje ni upi? Anza na macho, boti ikiwa imepandishwa au maji yamekupwa vizuri. Angalia zinki. Ikiwa imeliwa nusu baada ya miezi sita hivi au mwaka, inafanya kazi yake, badilisha uendelee. Ikiwa imeisha ndani ya mwezi, shuku umeme unavuja, au una metali nyingi mno chini kuliko zinki uliyofunga. Na ikiwa ni mpya kabisa kama siku uliyoinunua wakati propela imeshaanza vidoti, usifurahi, maana yake haijashikana na chuma inachotakiwa kukilinda. Kwenye alumini tafuta rangi iliyofura, chini yake unga mweupe. Kwenye shaba yenye zinki ndani, kwangua kidogo, ukiona wekundu kama wa waridi basi zinki imeshatoka imebaki shaba laini inayovunjika kama biskuti, hiyo skrubu au valvu usiiamini hata siku moja. Na chuma kilicholiwa na umeme unaovuja mara nyingi kinang'aa, kisafi, kama kimesafishwa kwa asidi.

Sasa mita, ile digitali ya bei rahisi inatosha. Zima kila kitu, swichi zote. Toa klampu ya chanya kwenye betri, weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye klampu uliyotoa. Ikisoma karibu volti 12 kuna njia umeme unapita, ila usikimbilie kusema ndiyo hiyo, kwa sababu mita ya digitali inaonyesha volti hata kwa uvujaji mdogo sana usio na madhara. Hamisha ule waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10, pima palepale, ikiwa namba ni ndogo sana shuka kwenye miliampia. Ukiwa umeunga hivyo usiwashe injini wala kitu chochote kikubwa, utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe. Miliampia chache za redio inayokumbuka stesheni ni sawa, muhimu ujue zinakwenda wapi. Kama hujui, toa fyuzi moja moja huku unaangalia mita, ile ukiitoa namba ikashuka, umempata mwizi. Usisahau pampu ya ngama yenye floti (swichi inayoelea, maji yakijaa inajiwasha), nyingi zimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye swichi kubwa, na mara nyingi mwizi yuko hapo.

Njia nyingine naipenda sana boti ikiwa majini: rudisha mita kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji ya ngama. Usijali namba yenyewe, metali peke yake zinatoa namba. Washa na zima kifaa kimoja kimoja, na namba ikiruka unapogusa swichi fulani, fuata waya wa hicho kifaa mpaka mwisho.

Zinki nayo ipime boti ikiwa juu. Weka mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye zinki mwingine kwenye propela au shafti, inatakiwa iwe chini ya omu 1. Ikizidi, fungua, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza tena. Injini ya ndani ambayo kiungo cha shafti kina raba, raba inakata njia, kwa hiyo funga zinki ya pete kwenye shafti yenyewe.

Na jamani ZINKI HAIPAKWI RANGI, ukipaka umeiua. Hizi za kumwagwa mtaani kwa vyuma chakavu nazo ziogope, chuma kidogo tu kikichanganyika zinajifunga gamba na kuacha kazi. Ziwani ni habari nyingine, ndugu zangu wa Mwanza na Kigoma, maji baridi zinki inalala, tumieni magnesiamu, lakini magnesiamu hiyo msije nayo baharini.

Kuzuia sasa. Waya zote zipite juu ya ngama, maungio yawe ya kubana kwa koleo yenye mpira unaonywea kwa moto, siyo kusokota na tepu. Futa chumvi juu ya betri. Zima swichi kubwa ukiondoka. Mashine inyanyue, mguu utoke majini kabisa, isuuze kwa maji baridi. Rangi ya chini yenye shaba usiiguse kwenye alumini. Ukichaji kwa umeme wa nchi kavu ule waya wa ethi unaiunganisha boti yako na za jirani zilizochomekwa hapo, zinki yako ikaanza kulinda vyuma vya watu, sasa usije ukaukata, unaua mtu, chomoa chaja betri ikijaa au peleka betri ukachaji nyumbani.

Wa mashua za mbao nisikilizeni hapa, zinki nyingi siyo usalama. Ikizidi, kuzunguka vile vyuma vinavyolindwa panatengenezwa magadi makali yanayolainisha mbao, unakuta bolti nzima kabisa lakini mbao inayoishika imekuwa kama uji mweupe, na mbao ya hivyo hairudi, unakata unaweka nyingine. Valvu ya bronzi iliyokaa peke yake kwenye mbao, haijagusana na chuma kingine, iache kama ilivyo, usiifungie waya wala zinki.